Kupunguza kukatizwakatizwa kwenye timu ya madevelopa: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Timu nyingi zikiona kazi haziishi zinaanza kujadili spidi, mara tuongeze watu, mara tubadilishe namna ya kukadiria kazi, wakati ukikaa pembeni ya developa mmoja (mtu anayeandika programu za kompyuta) siku nzima unaona kabisa kwamba hajapata hata saa moja na nusu mfululizo ya kukaa na kazi yake. Asubuhi kaulizwa na mtu wa huduma kwa wateja, hajamaliza kujibu watu wa mauzo wanataka ripoti, alafu mwenzake kakwama anaomba aangaliziwe, alafu tahadhari ya seva imelia na kumbe haina maana yoyote, alafu kikao. Jioni ndo anafungua ile kazi aliyopangiwa asubuhi, na akili imeshachoka.

Msimamo wangu kwenye hili ni kwamba wanaowakatiza sio wakorofi. Kila anayekuja kukugusa bega kuna kitu kakikosa: jibu, ruhusa, data, au tu uhakika kwamba shida yake imesikika. Ukimzuia bila kumpa hicho kitu atatafuta njia nyingine ya kukufikia, na mara nyingi hiyo njia ni mbaya zaidi, kama kumpigia bosi wako. Ndo maana sina imani na ushauri wa "vaa hedifoni" au "zima simu". Kinachofanya kazi ni kuwa na mlango mmoja unaojulikana, mtu anayekaa pale, na kuondoa polepole sababu za watu kuja kugonga.

Kabla ya hatua zenyewe, elewa hasara iko wapi, maana utaihitaji ukiongea na viongozi. Anayeandika programu anakuwa amebeba vitu vingi kichwani kwa wakati mmoja: hii fanksheni (kipande cha programu) inaita ile, hapa thamani inaweza kuwa tupu, ile testi (programu ndogo ya kukagua kazi) bado sijaigusa. Ukimkatiza hivyo vyote vinadondoka na lazima aviokote upya. Chris Parnin na Spencer Rugaber walichapisha mwaka 2011 utafiti wa rekodi 10,000 za madevelopa 86, wakaona kwamba mtu aliyekatizwa akiwa katikati ya kubadilisha msimbo (maandishi ya programu) alirudi kuuhariri ndani ya dakika moja kwa asilimia 10 tu ya mara hizo. Mara nyingi alikuwa anazungukazunguka kwenye mafaili kwanza akijikumbusha alikuwa wapi. Na Gloria Mark na wenzake mwaka 2008 walionyesha kitu kinachoshangaza kidogo: watu waliokatizwa walimaliza kazi yao haraka zaidi, ila kwa msongo na juhudi zaidi. Kwa hiyo usitegemee kila mara kuona tatizo kwenye tarehe za kukabidhi kazi, linaweza kuwa limejificha kwenye watu.

Hatua ya 1: Andikeni kila usumbufu kwa wiki mbili

Hii hatua watu wengi wanairuka na ndo kosa kubwa kuliko yote, maana kila mtu kwenye timu anadhani anajua nani anawasumbua na karibu kila mtu anakosea. Mnaamini ni watu wa mauzo, mkiandika mnakuta nusu ya maswali yanatoka ndani ya timu yenyewe.

Fungueni karatasi moja ya Excel au Google Sheets ambayo wote mnaweza kuandika. Usiweke safu nyingi, ikizidi sekunde 15 kujaza hakuna atakayejaza. Safu tano zinatosha: saa ngapi, nani (idara inatosha, sio lazima jina), alitaka nini kwa maneno machache, imekuchukua dakika ngapi, na ingeweza kusubiri hadi lini. Mstari mmoja unaonekana hivi:

4:20 asubuhi | huduma kwa wateja | mteja hapati meseji ya kubadili nywila | dk 12 | ingesubiri hadi mchana

Hiyo safu ya mwisho ndo dhahabu. Wengi wakianza kuijaza kwa ukweli wanagundua kwamba maombi yaliyokuja kwa haraka sana hayakuwa na haraka yoyote, aliyeuliza alitaka tu asisahaulike.

Andikeni pia ukijikatiza mwenyewe. Umeacha kazi ukaenda kuchungulia chati bila kuitwa na mtu? Andika. Tafiti za Gloria Mark zimeonyesha watu wanajikatiza wenyewe mara nyingi karibu sawa na wanavyokatizwa na wengine, kwa hiyo ukiacha hiyo sehemu picha yako inakuwa nusu. Na waambieni watu mapema kwamba hii karatasi haitatumika kumpima mtu wala kumsema mtu, kama meneja ataanza kuuliza "mbona wewe umeandika ishirini" basi kesho yake hakuna data tena.

Hatua ya 2: Panga makundi, alafu kata yanayokatika kirahisi

Wiki mbili zikiisha kaeni saa moja, mpitie mistari yote na kila mmoja muupe kundi. Kwa kawaida makundi yanakuja yenyewe: maswali ya "hii inafanyaje kazi", maombi ya data na ripoti, maombi ya kubadilisha kitu ambacho mteja au idara ingeweza kubadilisha mwenyewe kama kungekuwa na kitufe, hitilafu za kweli, "ile yangu imefikia wapi", maswali kati yenu wenyewe, na kelele za mifumo.

Jumlisha dakika za kila kundi alafu chagua makundi mawili tu ya kwanza. Usijaribu kutibu yote. Uliza swali moja kwa kila kundi: huyu mtu angehitaji nini ili asituulize kabisa? Mtu wa fedha anayeomba ripoti ileile kila mwisho wa mwezi anahitaji ripoti ijitume yenyewe kwenye barua pepe yake, kazi ya nusu siku na hutamsikia tena kwa jambo hilo. Huduma kwa wateja wanaoomba mumfungulie mteja akaunti iliyojifunga wanahitaji kitufe kwenye ukurasa wao wa usimamizi, chenye kumbukumbu ya nani kabonyeza na lini. Mnaogopa kuwapa hicho kitufe? Jiulizeni nyie mnakagua nini kabla ya kufungua akaunti, alafu huo ukaguzi muuweke kwenye kitufe chenyewe.

Hatua ya 3: Weka mtu wa zamu

Hapa ndo penye moyo wa mwongozo wote, na kama utafanya kitu kimoja tu basi fanya hiki. Kila wiki mtu mmoja kwenye timu anakuwa wa zamu. Kazi yake wiki hiyo ni kupokea kila kinachotoka nje: maswali, hitilafu, maombi, tahadhari za mifumo saa za kazi. Wengine wote hawapokei. Usumbufu haujapungua hata kidogo siku ya kwanza ya mpango huu, ila badala ya kuwapiga watu sita vipande vipande unampiga mmoja ambaye alijua anakuja kupigwa na hakuwa na kazi nyingine nzito mkononi.

Mambo ambayo yakikosewa zamu inakufa ndani ya mwezi:

Wa zamu asipangiwe kazi za mradi. Kabisa. Sio "kidogo", sio "ukipata nafasi". Kama timu ina watu watano basi mpango wa wiki ni wa watu wanne, na meneja aliseme hilo mbele ya wote. Ukimpa kazi ya mradi yenye tarehe ataanza kuwakimbia wanaomuuliza, watu wataona chaneli ya msaada (tutaifungua hatua ya 4) haijibiwi, na watarudi kwenye kutafuta mtu mmojammoja. Akiwa na utulivu ana vitu vya kufanya: kurekebisha bagi (hitilafu) ndogo, kuandika maelezo ya swali lililoulizwa jana, kujenga kale kakitufe ka hatua ya 2.

Kila mtu aingie, hadi wale wakongwe. Ukiwaachia vijana peke yao zamu itaonekana ni adhabu ya wageni, na pia wakongwe hawatawahi kuona ni vitu gani vya kijinga vinawarudia wenzao kila siku, na wao ndo wenye uwezo wa kuving'oa. Mgeni kwenye timu akae zamu pamoja na mtu mzoefu kwa mara za kwanza.

Suala la "mimi ile moduli siijui" litakuja tu, na lina jibu. Wa zamu haruhusiwi kumrushia mtaalamu swali kama lilivyo. Anachunguza kwanza, anakusanya maswali yake, na anamfuata mtaalamu kwa mkupuo, mara moja kabla ya chakula cha mchana na mara moja kabla ya kufunga siku. Na jibu akipewa analiandika mahali ambapo wa zamu wa wiki ijayo atalikuta. Mwanzoni wa zamu atakuwa mzito na mtaalamu atatamani kujibu mwenyewe maana kwake ni dakika mbili. Azuiliwe. Timu ikiendelea hivi kwa miezi michache ujuzi uliokuwa kwa mtu mmoja unakuwa umesambaa, na hiyo faida peke yake inatosha hata kama usumbufu usingepungua.

Makabidhiano yawe na maandishi. Mafupi tu, kitu kama hiki: "Zipo tatu wazi. Ile ya risiti mbili, nimeshaona ni kitufe kinabonyezwa mara mbili, marekebisho yako kwenye riviu, mwenzetu anayakagua. Ya mteja wa jumla inasubiri jibu la watu wa fedha, usiwasumbue hadi Jumatano. Tahadhari ya diski imelia mara nne bila sababu, nadhani tupandishe kiwango." Anayeingia akisoma hivyo hana haja ya kumtafuta anayetoka, maana yule naye saivi anatakiwa aachwe azame.

Timu ya watu watatu inaweza kuona wiki nzima ni nyingi, basi gawaneni kwa siku au nusu siku. Kama wa zamu anazidiwa kila wiki hadi anaita wenzake, tatizo lenu sio la kukatizwa tena, ni la ubora wa mfumo, na lazima mpunguze kazi mpya mpaka mlitibu. Timu za Google zinazoendesha mifumo zilijiwekea ukomo wa asilimia 50 ya muda kwa kazi za uendeshaji, ikizidi hapo kazi zinarudishwa kwa waliojenga mfumo. Namba yenu inaweza kuwa tofauti, ila muwe nayo na iandikwe.

Hatua ya 4: Sehemu moja ya kuomba msaada

Zamu bila sehemu moja ya kuingilia haifanyi kazi. Fungueni chaneli moja, kwenye chombo kile ambacho kampuni tayari inatumia, usianzishe programu mpya kwa ajili ya hili. Juu yake bandikeni ujumbe:

"Karibu. Hapa ndo pa kuomba msaada wowote kwa timu yetu. Wa zamu wiki hii yuko kwenye kichwa cha chaneli. Andika unataka nini, ni mteja au rekodi gani, umeshajaribu nini, na unaihitaji lini. Jibu la kwanza ni ndani ya saa moja ya kazi. Kama mfumo haufunguki kabisa au hela za wateja zinapotea usiandike hapa, piga namba ya dharura."

Hiyo saa moja ni ahadi ya kujibu, sio ya kumaliza. "Nimeiona, naifanyia kazi mchana, nitakurudia kabla ya saa 10" ni jibu tosha na linamtuliza mtu kuliko ukimya wa saa tatu unaoishia na suluhisho. Kuna hesabu nyuma ya hili. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni ambayo ni rahisi sana: idadi ya maombi yaliyo wazi ni sawa na kasi ya kuingia kwake ukizidisha na muda kila moja linaokaa. Yakiingia sita kwa siku na kila moja likakaa nusu siku, wastani una matatu mkononi. Yakikaa siku tatu una kumi na nane, na nyuma ya hayo kumi na nane wako watu kumi na nane ambao wakati wowote watakuandikia "vipi mkuu, ile yangu imefikia wapi". Foleni yenyewe inazalisha usumbufu. Kwa hiyo kuyamaliza madogo haraka, kuyakataa mapema yale ambayo hamtayafanya, na kuonyesha hali ya kila ombi pale ambapo aliyeomba anaweza kuiona mwenyewe, vyote hivyo vinapunguza kelele kuliko sheria yoyote ya nidhamu.

Watu wataendelea kukuandikia pembeni, hilo lisikukasirishe, ni mazoea. Jibu kwa upole na usilijibu swali lenyewe: "Nimekuona mkuu. Hiyo iweke kwenye chaneli ya msaada, wa zamu ataichukua sasa hivi, ukiiacha kwangu itakaa mpaka jioni." Na lazima iwe kweli! Ukimpeleka kule akakaa siku mbili bila jibu umempoteza. Kinachovunja mpango huu zaidi ni yule developa mwema anayejibu pembeni "ngoja nimsaidie tu fasta", maana kila akifanya hivyo anamfundisha mtu kwamba njia ya mkato ipo.

Kuhusu zile meseji za "Mambo" au "Habari, upo?" alafu kimya: waombeni watu salamu na shida vije kwenye meseji moja. Heshima inabaki palepale, na wewe hukai unasubiri nukta tatu zinazochezacheza.

Hatua ya 5: Kubalianeni nini ni dharura

Fanyeni viwango vitatu tu, mviandike pamoja na wawakilishi wa idara nyingine, sio nyie peke yenu. Cha kwanza: wateja wengi hawawezi kutumia mfumo, hela au data inapotea, au kuna shaka ya uvamizi. Hapo katiza yeyote, saa yoyote, kwa simu. Cha pili: kazi ya mtu imesimama ila kuna njia ya kuzunguka, wa zamu anashughulika leo. Cha tatu: mengine yote, yanaingia kwenye foleni ya kawaida.

Andikeni mifano halisi kutoka kwenye karatasi yenu ya hatua ya 1, maana bila mifano kila kitu kitakuwa cha kwanza.

Hatua ya 6: Mkatizano wa ndani kwa ndani

Timu zikishatibu wa nje zinashangaa mbona bado. Ni kwa sababu developa naye anamkatiza developa mwenzake, na huyu ni mgumu zaidi kumkatalia maana ni rafiki yako na swali lake ni la maana.

Chagueni masaa ya kuzama ya timu nzima, tuseme saa 3 asubuhi mpaka saa 6 mchana, wote kwa pamoja. Kila mtu akichagua yake peke yake hayasaidii, maana ukizama wewe mwenzio ndo anataka kuuliza. Kama mko kwenye nchi zenye saa tofauti, chukueni masaa ambayo hamkutani kuwa ya kuzama, na yale mnayokutana kuwa ya kuulizana. Kwenye masaa hayo wote isipokuwa wa zamu wanazima arifa, na kwenye chati wanaweka alama ya kutosumbuliwa yenye saa ya kurudi.

Ila sasa, kijana mgeni aliyekwama saa 3 na robo asiachwe akae mpaka saa 6 akitoa macho. Huyo ana ruhusa ya kumfuata wa zamu, au mtu maalum aliyepangiwa kumlea. Wengine wafuate kawaida hii: jaribu mwenyewe nusu saa, andika ulichojaribu na ulichokiona, alafu uliza kwa maandishi kwenye chaneli ya timu, sio kwa mtu mmoja. Mara nyingi sana ukiwa unaandika ulichojaribu jibu linakuja lenyewe. Na likijibiwa wazi mbele ya wote, wawili wengine waliokuwa wanakuja na swali hilohilo wanalikuta.

Riviu za msimbo zinahitaji makubaliano yake. Usiziache zikatize watu kila dakika, na usiziache zioze siku mbili, maana aliyekwama kwenye riviu anafungua kazi nyingine, alafu maoni yanamkuta akiwa ameshahama kiakili. Muwe na nyakati mbili za riviu kwa siku, kabla ya kuanza kuzama na baada ya chakula cha mchana kwa mfano, na anayeomba alete mabadiliko madogo yenye maelezo ya kwa nini. Mabadiliko ya mistari 80 mtu anayasoma akiwa anakunywa chai, ya mistari 900 anayakimbia, anayakimbia tena, alafu anaandika "iko poa" bila kusoma.

Hatua ya 7: Vikao

Sogezeni vikao vyote vikae pamoja upande mmoja wa siku, mchana ni pazuri. Kikao cha nusu saa kilichowekwa saa 4 na nusu kinakula asubuhi nzima, kwa sababu kabla yake hakuna anayeanza kazi nzito akijua ataitwa sasa hivi. Kikao kisicho na ajenda kikataliwe, kikao cha kupeana taarifa tu kigeuzwe maandishi. Na kwenye vikao na idara nyingine aende mtu mmoja aje na muhtasari, sio timu nzima.

Hatua ya 8: Mifumo inayowaita bila sababu

Pitieni tahadhari zote zilizolia mwezi uliopita. Kila moja iulizwe: mtu alifanya nini ilipolia? Kama jibu ni "aliiangalia akaifunga", ifuteni au igeuzeni namba kwenye dashibodi. Inayobaki iwe na maelezo mafupi ya hatua za kuchukua, yameunganishwa palepale kwenye ujumbe wa tahadhari. Hatari ya tahadhari za uongo inazidi kupoteza muda, zinawazoesha watu kupuuza, na siku ya kweli ikifika inapita palepale.

Testi zinazofeli leo na kupita kesho bila kitu kubadilika ziwekeni pembeni siku hiyohiyo, mpeni mtu mmoja jina lake juu yake na tarehe, ikipita tarehe bila kurekebishwa ifutwe. Najua kuna watakaoumia kufuta testi, lakini testi isiyoaminika inamkatiza kila mtu anayepeleka msimbo wake na hailindi chochote.

Hatua ya 9: Ukikatizwa, acha alama

Hata mkifanya yote haya utakatizwa tu siku nyingine, basi jifunze kukatizwa vizuri. Mtu akija mwambie "nipe nusu dakika" na hiyo nusu dakika andika ulipofika, ndani ya msimbo wenyewe, tena kwa namna ambayo itagoma kukompaili (kompyuta itakataa kuijenga programu) ili usiipite kwa bahati mbaya:

HAPA: punguzo limeshahamia kwenye hesabu ya jumla. Bado: kesi ya kapu tupu. Nashuku kodi inahesabiwa mara mbili, angalia mstari wa juu.

Iandike kama unamwandikia mtu mwingine, maana ukirudi baada ya saa moja unakuwa kama mtu mwingine kweli. Alama nzuri kuliko zote ni testi inayofeli ya kitu ulichokuwa unaenda kufanya, ukirudi unaiendesha na inakuonyesha kwa kidole.

Kama mnatumia Git, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, ukiitwa kurekebisha kitu cha haraka kwenye tawi lingine (toleo sambamba la msimbo) usianze kuficha mabadiliko yako kwa git stash alafu ukayasahau huko. Tumia git worktree, ambayo ipo kwenye Git tangu toleo la 2.5 la mwaka 2015: inakufungulia folda nyingine yenye tawi lingine, unarekebisha huko, unafunga, na kazi yako ya mwanzo inakusubiri na mafaili yakiwa wazi vilevile ulivyoyaacha. Na ukiweza maliza kipande kidogo kabla ya kuhama. Sophie Leroy kwenye utafiti wake wa mwaka 2009 alionyesha kwamba mtu akihamia kazi ya pili na ya kwanza haijaisha, sehemu ya akili yake inabaki kwenye ile ya kwanza na ya pili inaifanya vibaya zaidi.

Hatua ya 10: Viongozi

Mkurugenzi akimwandikia developa moja kwa moja "hebu niangalizie hii", ile chaneli, zamu na viwango vyote vimekufa, maana hakuna wa kumkatalia. Kwa hiyo hili linamhusu meneja wa timu na sio madevelopa, ni yeye wa kwenda juu akiwa na ile karatasi ya wiki mbili mkononi. Usiende na malalamiko. Nenda na namba zenu: masaa haya yaliingia kwenye maombi ya nje, haya yangeweza kusubiri kwa maneno ya walioyapokea, na mradi fulani ambao wao wenyewe wanauulizia umechelewa kwa masaa haya. Alafu omba kitu kimoja: maombi yao pia yapite kwa meneja au kwa wa zamu, na wakiwa na haraka ya kweli waseme ni kazi gani isimame ili yao iingie. Wengi wakiulizwa "tusimamishe ipi?" wanapata jibu wenyewe kwamba inaweza kusubiri Alhamisi.

Baada ya miezi mitatu rudieni ile karatasi ya hatua ya 1 kwa wiki moja, safu zilezile. Angalieni vitu viwili: kila mtu asiye wa zamu anapata vipindi vingapi vya masaa mawili mfululizo kwa wiki, na makundi gani mapya yamechukua nafasi ya yale mliyoyaondoa, maana yatakuwepo. Mkikuta wa zamu ana wiki mbili tatu za utulivu mtatamani kumrudisha kwenye mradi "kwa sababu siku hizi hamna maswali". Msimrudishe. Maswali hayapo kwa sababu yupo, na huo mda alioupata ndo wa kujenga vile vitufe ambavyo havikuingia kwenye makundi mawili ya kwanza.